Upande wa Dereva

Siku ile bandani tulikuwa watano. Mimi nilikaa juu ya kigoda changu, mkasi wa bati mkononi. Mdogo wangu wa kike anayenifuata alikuwa mlangoni penye mwanga, akifuta brashi zake kwa kitambaa. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, alikaa juu ya debe akijisomea kwa kunong'ona. Mzee dereva mstaafu tulimpa kiti pekee chenye mgongo. Nyuma yake alisimama binti yake, mkono mmoja begani kwa baba yake, mkoba kwapani kama mtu asiyekusudia kukaa. Kulikuwa pia na kuku wa jirani, lakini yeye huja kila siku.

Nawataja wote kwa sababu mdogo wangu mpaka leo hudai hakuwepo. Alikuwepo.

Kazi yetu ni kutengeneza vichwa vya treni. Ni vya bati, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, vya kuweka mezani au vya mtoto kukokota kwa kamba. Baba yetu alikuwa msaidizi wa dereva katika reli ya zamani, lakini si yeye aliyenifundisha. Alipofariki, na mama naye akamfuata kabla hata hatujazoea kumwita marehemu, niliacha shule nikiwa kidato cha pili nikaenda kukaa miguuni mwa fundi bati mmoja aliyetengeneza koroboi, mifuniko na ndoo za kumwagilia. Kichwa cha kwanza cha treni nilikitengeneza kwa kopo la maziwa ili kitinda mimba anyamaze. Akanyamaza. Kesho yake mpita njia akakinunua kutoka mikononi mwake, akalia upya, na mimi nikanunua unga. Tangu hapo sijarudi kwenye koroboi, na umeme ulipofika hapa kwetu Nzuguni, koroboi zenyewe hazikuwa na wa kuzililia.

Tuna vichwa vya aina mbili. Cha kwanza tunakiita cha barabarani. Ni bati lililokunjwa, na magurudumu yake ni vizibo vya soda. Mengine yote ni rangi ya mdogo wangu: mlango, madirisha, ngazi, vishikio vya mkono, hata kivuli chembamba chini ya kila kishikio. Ukisimama hatua mbili utaapa kwamba unaweza kukishika. Kwa nusu siku kimekwisha, na mzazi anayerudi nyumbani na mboga anaweza kukinunua bila kuiacha mboga.

Cha pili ni cha mezani. Mlango wake unafunguka. Vishikio ni waya wa shaba, na kila kimoja kina miguu miwili iliyolehemiwa kwa tone la risasi dogo kuliko punje ya ulezi. Kinachukua wiki mbili. Wanaokinunua ni watu wa ofisi za serikali kule Mtumba, nao hawanunui mmoja mmoja. Huchangishana kumuaga mkubwa wao, halafu anakuja kijana mwenye kitambulisho shingoni kukichukua kama anabeba mayai.

Niliwahi kujaribu cha katikati, chenye ngazi za kweli na vishikio vya rangi. Wenye pesa kidogo walikiona ghali, wenye pesa nyingi walikiona pungufu. Kilikaa dirishani mpaka rangi ikapauka. Siku hizi wengi wanataka treni mpya ya umeme, nayo ni rahisi kutengeneza maana ubavu wake ni laini kama yai. Treni ya zamani ndiyo yenye gharama. Kila kitu chake kimetokeza nje, na kila kinachotokeza ni saa moja ya mkono wangu.

Binti wa mzee alikuwa ameagiza kwa simu kutoka Mkonze. Alisema baba yake aliendesha treni ya zamani, sasa anahamia Tabora kwa mwanawe wa kiume, na yeye angependa asafiri na ukumbusho. Aliuliza bei ya vyote viwili, akachagua cha barabarani. Hakusema lolote kuhusu macho ya baba yake. Nadhani nyumbani kwao halikuwa tena jambo la kusema. Na mimi sikuuliza, maana nani anauliza macho ya mtu anayenunua treni?

Mzee alipopita mlangoni ndipo nilipoona jinsi binti alivyomwongoza. Presha ya macho, alinieleza baadaye. Alikuwa amebakiwa na mwanga tu, akijua dirisha liko wapi na jua limefika wapi.

"Shikamoo babu," tulisema wote.

"Marahaba. Yupi kati yenu ndiye mtoto wa msaidizi wangu?"

"Sote, babu," nilisema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa. Basi wewe ndiye ninayekudai heshima. Hawa wengine nitawasamehe."

Alikuwa Mnyamwezi, nasi ni Wagogo, na kati ya makabila hayo utani hauombewi ruhusa. Aliwahi kufanya kazi na baba miaka kadhaa, na siku ya mazishi alikuja kama mtani, akazuia njia akitaka alipwe kwanza. Nilikuwa mdogo sana kucheka, nikamchukia wiki nzima.

Mdogo wangu alimwekea kichwa cha treni mapajani kwa fahari. Alikuwa amekesha nacho moyoni kwa siku mbili, akitafuta kijani kile cha zamani na mstari wake. Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vilianza mbele, vikapita kwenye pua ya injini, vikashuka ubavuni. Vilikwenda mpaka nyuma, vikarudi. Vikaenda tena, polepole zaidi, kama mtu anayetafuta swichi katika chumba cha wageni.

"Mlango uko wapi?" aliuliza.

"Huo hapo babu," alisema mdogo wangu, akanyoosha kidole.

Kitinda mimba aliacha kusoma. Nilimwona mdogo wangu akikitazama kile kidole chake mwenyewe, kilichokuwa kinamwonyesha kitu mtu asiyeona, kisha akakishusha.

"Hapa nashika bati," mzee alisema. "Ngazi?"

Vidole vyake vikashuka, vikapanda tena.

"Kishikio? Au siku hizi madereva wanarushwa ndani?" Alikigonga kwa ukucha, kikalia. "Wagogo bwana. Nimeagiza injini, wamenipa debe la mafuta. Tena tupu."

"Baba," alisema binti yake. "Kosa ni langu. Nilichukua ile ya bei nafuu. Sikufikiria."

"Umefikiria vizuri. Ni mimi niliyesahau kukwambia kwamba siku hizi macho yangu yako hapa." Akainua vidole.

Mdogo wangu alitoka nje. Ndiyo maana husema hakuwepo.

Tukabaki na kichwa kile kizuri, kilichopakwa kila kitu, na ambacho kwake hakikuwa na kitu. Binti aliniuliza kwa sauti ya chini kile cha mezani naweza kumpunguzia mpaka wapi. Nilimpigia hesabu wazi. Ubavu mmoja wa injini ya zamani una vishikio sita, ngazi nne, mlango, madirisha, visanduku vya mchanga na mabomba yake. Nikifanya pande zote mbili, wiki mbili nzima sitatengeneza kitu kingine, na nyumba hii inakula kutoka kwenye kigoda hiki. Sikuwa na pa kupunguzia. Nilisema hivyo bila aibu, ingawa nilikuwa naisikia aibu.

"Babu zao hawa," mzee alimwambia binti yake, "walitutoza hongo, ule ushuru wa njia, sisi tukipita na misafara, kwa maji ya kunywa tu. Leo wananitoza kwa vishikio."

"Babu zako walikuwa wabeba mizigo," nilimjibu. "Mbeba mizigo anabeba na bei."

Alicheka mpaka akakohoa. Vidole vyake vilikuwa bado vimelala kwenye bati laini. Alikuwa na wiki tatu kabla ya kusafiri. Binti yake alisema kwamba tangu giza lianze, baba yake amekuwa akiishikashika injini hewani, kitandani, mezani, akinyoosha mkono kutafuta kishikio kisichokuwepo, na siku moja asubuhi alikikosa. Alisahau kilikuwa juu ya bega au chini yake. Hakula siku hiyo. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka kwetu, kitu cha kushika kabla mkono nao haujasahau.

"Nilikaa upande mmoja miaka yote," mzee alisema ghafla. "Nitengenezee upande wangu. Ule mwingine acheni hivyo hivyo. Huyo binti aliyekimbia amepaka vizuri, nina hakika."

Nusu ya kazi kwa nusu ya bei. Binti yake angeiweza. Nami ningeiweza.

Alianza kuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, saa zile ambazo Dodoma yote hulala na upepo peke yake ndio hutembea mitaani. Binti yake alimwacha na kwenda sokoni. Mimi niliweka jiko la mkaa pembeni, chuma cha kulehemia kikapata moto, na yeye akaanza kusema. Sijui nielezeje zile alasiri. Vumbi lilikuwa limesimama hewani kama limeambiwa lisubiri. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Kuna wakati niliacha kujua kama nakata bati au natembea juu ya tuta la reli nikiwa na miaka sita, na baba ananipungia kutoka juu sana, uso wake mweusi kwa mafuta na meno yake meupe.

Nilimuuliza injini ilionekanaje. Hakujua. Miaka yote ile, paa lake hakuwahi kuliona vizuri. Namba yake alikumbuka nusu. Lakini alijua ngazi ya tatu kutoka chini ilikuwa imepinda kwa ndani, na kwamba mguu wa kushoto ndio ulioanza. Alijua kishikio kirefu kilikuwa baridi asubuhi kule stesheni ya Kigwe na kwamba ukifika Kintinku mchana hukishiki bila kitambaa.

"Ribiti je?" nilimuuliza. Watu wa Mtumba hupenda sana ribiti, zile pini za kuungia mabati. Huzihesabu.

"Ribiti za nini? Nani anashika ribiti?"

"Taa?"

"Taa ni ya wanaosimama mbele ya treni. Mimi nilikuwa ndani. Weka tundu tu."

"Visanduku vya mchanga?"

Hapo alinyoosha mgongo. "Hivyo weka. Na mfuniko wake ufunguke. Bila mchanga kile kilima cha Saranda hukipandi. Magurudumu yanateleza, unamwaga mchanga kwenye reli, yanang'ata. Baba yako alikuwa na sikio la kusikia yanapotaka kuteleza kabla hayajateleza."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunapunguza na kuongeza. Nilikuwa nimezoea kwamba udogo wa kitu ndio thamani yake, kwamba kadiri waya unavyokuwa mwembamba ndivyo mteja anavyolipa. Kwake waya mwembamba ulikuwa kosa. Kishikio cha kwanza nilichokilehemu, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, alikishika akatikisa kichwa.

"Hiki ni cha sindano. Mtu akikishika anaanguka."

Nikakitoa. Nikatafuta waya mnene zaidi, ambao kwa jicho ulikuwa mnene mno, kama kidole kilichovimba. Nikalehemu. Akakishika kwa vidole viwili, kidole gumba juu, akakaa nacho.

"Hapo," alisema, na hakukiachia mpaka binti yake alipomfuata.

Mdogo wangu alikuwa akitusikiliza kutoka nje. Jumamosi ya pili aliingia na kiti chake, akakaa karibu na mzee bila kumsalimia upya. Mzee akasema, "Naisikia harufu ya rangi. Huyu ndiye mchoraji wa milango ya kupita malaika." Mdogo wangu akasema, "Na wewe ndiye abiria asiye na tiketi." Wakawa marafiki. Yeye ndiye aliyegundua kwamba rangi ikipakwa mara tatu kwenye kona ya dirisha huacha ukingo ambao ukucha unausikia, kisha kwa gharama ya rangi tu akamwekea mzee fremu zote za madirisha. Mimi ningetumia siku mbili na risasi.

Ngazi ya tatu niliipinda kwa koleo. Nilipoipinda mkono ulinikataa. Mtu anayejifunza kunyoosha bati miaka yote haipindi kazi yake kwa furaha.

Siku moja kabla ya safari walikuja wote wawili, na safari hii binti alikaa. Mzee alipewa injini yake. Hakuanza mbele kama mara ya kwanza. Alishuka moja kwa moja mpaka chini ya mlango, akaweka vidole viwili kwenye ngazi, kile cha shahada na cha kati, kama miguu. Cha kushoto kikaanza. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu vidole viliteleza kidogo kwa ndani, na uso wake ukafunguka. Kidole gumba kikapata kishikio juu ya bega. Mlango ukasukumwa. Vidole vikaingia ndani, vikakaa kwenye kiti nilichokata kwenye kopo, na kidole kimoja kikatoka dirishani kikajiegemeza pale, kama kiwiko.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nje kuku alikuwa akiparura. Sikumwona mzee akitabasamu wala kulia. Alikuwa kazini. Nilijua amepita Bahi, nilijua ameingia kwenye mbuga ile nyeupe ambako reli hunyooka na macho huchoka, nilijua mlima unakuja. Binti yake alitazama sakafu.

Halafu mzee akaigeuza injini upande wa pili. Kidole kikapita kwenye bati tupu, laini, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na hapa ndipo alipokaa baba yako," alisema.

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu siku ya kwanza aliposema "upande wangu", na nilikuwa nimelehemu wiki tatu nikiwa nimeupa mgongo.

"Dirishani mwake alining'iniza kikombe cha bati kwa waya," mzee alisema. "Kikombe cha chai. Kikigonga ubavu, ting, ting, najua mwendo wetu bila kutazama saa ya mwendo. Na kishikio chake alikizungushia kitambaa cha khanga. Cha mama yenu, alisema. Nilimcheka kutoka Dodoma mpaka Manyoni, mwanamume anashika khanga. Akasema, wewe cheka, kiganja ni changu."

Kitinda mimba alikuwa ameweka kitabu chini. Yeye baba hamkumbuki kabisa. Mdogo wangu anakumbuka viatu. Mimi nilidhani nakumbuka vyote, na kikombe hicho nilikuwa sijawahi kukisikia.

"Ungesema mapema, babu," nilisema. "Ningekifanya."

"Ungekifanya kwa pesa ya nani? Hii ya binti yangu imekwisha kwenye mlango wangu." Alitoa kicheko kidogo. "Na mimi sikununua upande huo. Huo siulipii. Huo ni deni lako, Mgogo. Si langu, lako."

"Nitakuja Tabora kuumaliza."

"Utakuja na jiko?"

"Nitakuja na jiko."

"Basi mimi nipo. Mtu wa reli hangoji kwa wasiwasi, anangoja kwa ratiba."

Binti yake alinilipa kile tulichokubaliana, mkononi, na hatukuongeza wala kupunguza. Walipoondoka mzee alikuwa amekumbatia injini, upande wake ukiwa kifuani, upande wa rangi ukitazama nje, na watu wa mtaani waliopishana naye waliona treni kamili yenye milango na ngazi na vivuli vyake.

Kikombe nimeshakitengeneza. Ni kidogo kama punje ya mahindi, kina mkono wake wa waya, na kipo ndani ya kisanduku cha kiberiti juu ya rafu. Vishikio sita vipo, vya waya mnene. Mdogo wangu alikata kipande cha khanga ya mama, upana wa uzi wa kiatu, na alikikata bila kuniuliza nami sikumgombeza. Nauli ya Tabora nimeiweka mara tatu. Mara ya kwanza ilikwenda kwenye mtihani wa kitinda mimba, mara ya pili kwenye bati la banda lililong'olewa na upepo. Mara ya tatu sikumbuki, lakini ilikwenda.

Mzee hupiga simu mara moja moja. Huwa hasalimii kwanza. Husema anaendelea vizuri, kwamba mkono unakumbuka, kwamba wajukuu wamevunja mfuniko wa sanduku la mchanga na yeye ameubandika kwa ubani wa kutafuna. Kisha huuliza kama jiko limeshapakiwa. Namwambia bado. Ananiambia upande ule bado laini, anaupitishia kidole kila jioni, na kwamba anajua mahali pa kila kitu ambacho hakipo.